Fisi Aliyeamini kwa Moyo Safi

Paukwa!
Pakawa!
Niseme nisinyamaze?
Sema, masikio tumeyafagia!

Basi hapo kale, kwenye majabali juu ya kinamasi, aliishi Bi Pimbi na wanawe watatu. Jirani yake alikuwa Fisi, mwenye taya la kuvunja jiwe na tumbo lisilojua kushiba. Fisi huyu akiamini jambo, ameamini. Haulizi, hachunguzi. Aliwahi kuamini kwamba Kanga kamwibia mifupa, akamla Kanga, manyoya na yote. Baadaye mifupa ikaonekana kwake mwenyewe, alikoifukia. Fisi akajilamba midomo: "Lo! Lakini niliamini kwa moyo safi."

Asubuhi moja, pu! pu! pu! Fisi huyo mlangoni.

"Bi Pimbi! Umeniibia mguu wangu wa nyati."

"Uliniona, bwana?"

"Sikukuona."

"Nani aliniona?"

"Hakuna. Naamini tu. Nitolee watoto niwale, yaishe."

Wanawe Bi Pimbi walikuwa nyuma yake, wamejibana kwenye ufa wa jiwe. Bi Pimbi akajichekesha.

"Hawa ni mifupa mitupu, bwana. Kule kinamasini kuna nyati mzima amenasa. Mnene huyo! Ukiamini amini, usipoamini basi."

"Nimeamini!"

Wala hakuuliza nani kamwona. Mate churuzi, churuzi, miguu tipwa, tipwa, huyoo, bondeni! Bi Pimbi akapanda juu ya jabali, akakodoa macho.

Fisi akafika penye majani mabichi. "Bi Pimbi, hapa pagumu?"

"Wewe unaaminije, bwana?"

"Naamini pagumu!"

Chubwi! Tope magotini. Akajikukurusha, tope tumboni. Akajikukurusha tena, tope kidevuni.

"Nitupie kamba, jirani! Nazama!"

"Huzami, bwana. Naamini kwa moyo safi."

Gubu, gubu, gubu… yakabaki mapovu.

Bi Pimbi akashuka, akawakumbatia wanawe wote watatu kwa pamoja, akawabana hadi wakalalamika.

Funzo lake? Wanangu, mkiambiwa jambo, aminini papo hapo. Maswali huchelewesha chakula. Na atakayeniuliza nimeyajuaje haya, huyo hana adabu, aende akalale.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.