Nani Aliyemwingiza Mzee Mhina Baharini

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana simu zilikwisha kuwa na kamera na watoto walikwisha kuwa na maoni, paliishi Tukuyu hakimu mmoja mwanamke, jina lake Subilaga. Sogeeni karibu. Mwishoni nitawauliza kitu, na atakayesinzia simhurumii.

Subilaga alikuwa hakimu wa wilaya. Waliogombania mpaka wa migomba, aliwaamua. Waliogombania ng'ombe wa marehemu, aliwaamua. Mume aliyedai hakumbuki kama alioa, huyo alimwamua kabla ya chai ya saa nne. Hakuwa na subira na mtu anayejifanya. Shahidi akianza kulia kabla hajaulizwa swali, yeye humwambia, "Futa kwanza, bwana, ndipo useme. Machozi siwezi kuyaandika."

Nyumbani alikuwa na watoto watatu, wote wamefika umri ule ambao mtoto anakula kama fundi na kuchoka kama mstaafu. Mkubwa ni Tulinagwe, msichana aliyekuwa anasubiri kwenda chuo. Wa kati ni Mbelwa, mvulana asiyeweza kuona kitu kizima bila kutamani kukifungua. Mdogo ni Anyisile, binti ambaye ndiyo kwanza yuko kidato cha kwanza na hakuna asilolijua.

Na alikuwa na mume, Mzee Mhina, Mbondei wa Tanga, mwalimu wa fizikia. Huyu alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Mapenzi yakampandisha milimani, kwenye mvua na majani ya chai, na kila mwaka alisema, "Mwaka huu nawapeleka pwani." Kila mwaka likatokea jambo. Kisha kikatokea kiharusi. Kikamwachia kiti cha magurudumu, na mkono mmoja unaosikia unachoambiwa. Akili ilibaki. Ulimi ulibaki. Kiburi nacho kilibaki, tena kikapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Daktari wa mazoezi alisema maji ya bahari yangemfaa kuliko vyuma vya pale kliniki. Mzee Mhina akaita familia sebuleni.

"Nitakwenda," akasema. "Nitaingia baharini. Lakini sibebwi. Siku niliyotoka hospitali nilipandishwa ngazi kama gunia la viazi, na jirani mmoja akanipa pole huku anatafuna muwa. Sibebwi tena na mtu."

"Sasa utaingiaje, Baba?" Mbelwa akauliza.

"Hilo ni lenu. Atakayeniingiza baharini bila kunibeba, huyo atakuwa na kauli ya mwisho juu ya safari zote za nyumba hii, mpaka siku atakapooa au kuolewa."

Kwa mtu mzima hiyo ni ahadi ndogo. Kwa kijana ambaye kila likizo hupelekwa kwa shangazi kusaidia kupalilia, ni ufalme. Watoto watatu wakatazamana kama wagombea.

Subilaga yeye hakuutaka ufalme. Alitaka kitu kimoja tu: amwone mume wake ndani ya maji, kabla mtu yule hajazoea kuitwa mgonjwa.

Basi ikaanza kazi ya kuchagua hoteli, na nyumba haikukalika. Mbelwa alitaka yenye pikipiki za majini. Anyisile alitaka yenye mtelezo wa kuangukia bwawani, na mtandao wa kasi, ili wenzake wamwone anavyoanguka. Walipitisha picha kwenye simu, kila bwawa la buluu kuliko lenzake, kila kitanda kimetandazwa maua kana kwamba amelala maiti wa kifahari.

Tulinagwe hakutazama picha. Alipiga simu. Alipiga hoteli ya kwanza akauliza, "Kutoka kitandani mpaka majini, kuna ngazi?" Wakamjibu, "Hakuna shida dada, vijana wetu watambeba." Akakata. Alipiga ya pili akauliza vilevile. "Hakuna shida dada, vijana wetu watambeba." Akakata. Alipiga na ile yenye mtelezo. Wao walikuwa na ngazi, tena za marumaru, na vijana wenye sare.

"Kumbe nchi nzima imejipanga kumbeba Baba," akasema.

Mwisho akapata hoteli moja ndogo, kusini mwa Tanga. Aliyepokea akasema hajui, ngoja akaangalie. Akatoka na simu mkononi, anatembea na kupiga video: kitanda, mlango, baraza, uwanja, miti ya mivinje, ufuko. Hakuna ngazi hata moja. Hakuna bwawa pia. Hakuna mtelezo, na mtandao unashika ukisimama karibu na jiko.

"Hoteli ya Wastaafu," Mbelwa akaibatiza.

"Nitamwambia nini rafiki yangu Neema?" Anyisile akalalamika. "Kwamba nimekwenda Tanga kutazama mivinje?"

"Mwambie umekwenda na baba yako," Tulinagwe akamjibu, na akaomba vyumba.

Wakasafiri, wakafika, wakalala. Asubuhi Mzee Mhina akavaa kaptula ambayo hakuna mtoto wake aliyewahi kuiona, akatoka kitandani mpaka kwenye kiti, kiti kikapita mlango, kikapita baraza, kikapita uwanja, kikapita mivinje. Tulinagwe alitembea pembeni yake kama askari wa gwaride. Kikaingia ufukweni, na papo hapo kikazama. Magurudumu yale membamba yalikata mchanga mkavu kama kisu kinavyokata andazi. Tulinagwe aliuliza ngazi, mchanga hakuuliza.

Wakaja vijana wawili wa hoteli, wazuri, wamekunja mikono ya shati. "Mzee, ngoja tukubebe."

"Sibebwi," akasema Mzee Mhina. "Nirudisheni kivulini. Nimeiona, imetosha."

Subilaga aliijua sauti ile. Ndiyo sauti ya mtu anayefuta shauri lake mwenyewe. Akamwona Tulinagwe amepiga magoti anachimbua magurudumu, na akaona Mbelwa hayupo.

Mbelwa alikuwa nyuma ya jiko. Pale palikuwa na toroli mbili za kusombea mchanga. Akazilaza, akafungua gurudumu la moja, akafungua gurudumu la nyingine, na hakumwomba mtu ruhusa. Akachukua kiti cha plastiki, bomba la chuma, kamba. Alipotokea upande wa pili alikuwa anavuta kitu ambacho sitakisifia umbo. Kisha akainama akapunguza upepo kwenye tairi, mpaka zikabonyea.

"Unaziharibu," akasema Mzee Mhina.

"Tairi ikibonyea inakanyaga mahali pakubwa, Baba. Uzito unagawanyika, haizami."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Tena ukanipa D."

Mzee Mhina alikitazama chombo kile kwa muda. "Hii ni toroli," akasema. "Toroli inabeba."

"Inavutwa."

"Mheshimiwa," Mzee Mhina akamgeukia mkewe, "kuvutwa ni kubebwa?"

"Gari linalovutwa na jingine halijabebwa," Subilaga akaamua, akiwa ameshika viatu mkononi. "Panda."

Akapanda mwenyewe, kwa mkono wake mmoja, polepole, na vijana wa hoteli wakakatazwa kusogea. Mbelwa akavuta. Tairi zikapita juu ya mchanga mkavu, zikafika kwenye mchanga mgumu, zikafika pale maji yanapokuja na kurudi. Hapo Mzee Mhina akainua mkono.

"Simama."

"Bado kidogo tu, Baba."

"Nimesema simama. Nimefika. Nageuka."

Wageni wa hoteli walikwisha kutoka kwenye baraza zao. Mmoja alipiga picha. Mzee Mhina hakuwatazama. Alikuwa anayatazama maji, na Subilaga, aliyekaa naye miaka yote ile, akagundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Mume wake alikuwa anaogopa.

Anyisile alikuwa ameshaingia majini, na fulana yake, mpaka kifuani. "Baba," akaita. "Nifundishe kuogelea. Mimi sijui."

Subilaga akafungua mdomo. Ni yeye aliyempa ruhusa ya kwenda Matema na shule, na ni Matema, ziwani, binti huyo alikojifunza kuogelea. Akaufunga mdomo.

"Lala chali," Mzee Mhina akasema kutoka kwenye kiti.

Anyisile akajirusha, akapiga maji kama mtu anayefukuza nyuki.

"Si hivyo. Tumbo juu."

"Sikusikii, Baba. Upepo."

"Mbelwa, vuta kidogo." Mbelwa akavuta. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. "Nimesema tumbo juu. Kichwa kiache, kichwa kina kazi gani?"

"Sikusikii."

"Vuta, Mbelwa." Maji yakafika magotini. "Masikio yaingie majini. Huyu mtoto kakulia wapi?"

"Tukuyu," Tulinagwe akasema.

"Sikusikii, Baba."

"Vuta." Maji yakafika kifuani.

Na hapo Anyisile akazama. Alizama akapotea, pakabaki povu. Mzee Mhina hakusema vuta, hakusema simama. Aliegemea upande, akakiachia kiti, na bahari ikampokea. Mkono mmoja ulisukuma maji, ule ule mmoja ukamkamata binti yake kwenye ukosi wa fulana ukamleta juu. Kisha akageuka chali. Akaelea. Hakuna aliyemshika. Tumbo juu, masikio majini, macho mbinguni, kama alivyofundisha.

"Chumvi ileile," akasema.

Subilaga alisimama maji yakimlowesha sketi. Wageni walikuwa bado wanatazama. Akawaacha watazame. Alitamani wangekuwa wengi zaidi. Alitamani na yule jirani wa muwa angekuwepo.

Mchana wakaketi mezani, samaki wa kukaanga, wali wa nazi, Mzee Mhina nywele zimekauka kwa chumvi na amekataa kuoga. Akagonga sahani kwa kijiko. "Ahadi ni ahadi. Mheshimiwa ataamua. Wadai waseme."

Tulinagwe akasema, "Ni mimi. Hawa walitaka pikipiki za majini na mtelezo. Walinicheka. Tungekwenda huko kwao, Baba angekuwa mpaka sasa juu ya ngazi za marumaru, anagombana na vijana wenye sare. Bahari aliyoingia ndiyo niliyoichagua."

"Hoteli yako iliishia kwenye mivinje," Mbelwa akasema. "Uliuliza ngazi, hukuuliza mchanga. Ni mimi. Kama si mimi, Baba angekuwa amesharudishwa kivulini."

"Na kama meneja angekukuta, ungepelekwa polisi," Tulinagwe akamjibu. "Umefungua mali ya watu bila kuomba."

"Nimeshayarudisha magurudumu. Tena yalikuwa yanalia, nimeyatia mafuta."

Anyisile alisubiri wamalize. Kisha akasema kwa upole mkubwa, kama wakili wa gharama. "Dada ana hoteli. Kaka ana toroli. Vyote vilikuwepo, na Baba akasema nageuka. Mmesikia wote. Aliyemtoa kwenye kiti ni mimi."

"Kwa uongo," Mbelwa akasema. "Anajua kuogelea, Baba. Alijifunza Matema."

Kijiko cha Mzee Mhina kikasimama. "Kweli, Anyi?"

"Chali nilikuwa sijui," akasema Anyisile. "Hiyo umenifundisha wewe, leo."

"Na kuzama?"

"Nilipiga mbizi."

Tulinagwe akasema, "Je, kama Baba angepata kiharusi kingine? Ungejibu nini?" Anyisile akatazama samaki wake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kidato cha kwanza, alionekana mdogo.

"Nimeogopa," Mzee Mhina akasema polepole. "Sijaogopa hivyo tangu hospitali. Lakini ningemhofia nani nikiwa kivulini?" Kisha akanyoosha mgongo. "Na mimi pia nina dai. Hakuna aliyenisukuma. Mkono ulioachia kiti ni wangu."

"Baba, wewe ni mdai au kielelezo?" Mbelwa akauliza.

"Wagawane," Subilaga akasema, maana alikuwa ameanza kuona ugumu wa shauri.

"Kauli ya mwisho ikigawanywa mara tatu si ya mwisho tena," mumewe akamjibu. "Utatuzalishia kamati. Toa hukumu, Mheshimiwa."

Wote wakamgeukia. Aliamua migomba, aliamua ng'ombe, aliamua waume wenye kusahau. Akamtazama aliyeuliza swali moja mpaka akapata mtu mkweli wa kulijibu. Akamtazama aliyepata D na kuigeuza njia. Akamtazama mwongo wake mdogo, na akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, hakimu, aliujua uongo ule na akaufungia mdomo. Akawaonea fahari wote kwa mkupuo mmoja, na fahari haikumsaidia kitu katika hukumu.

Mimi naishia hapa. Ninyi ndio mmeketi kitini pake sasa. Msiniambie wote, mzee amekwisha kulikataa hilo. Msiniambie Mzee Mhina, kwa kuwa mtu hajipi zawadi yake mwenyewe. Na msiniambie mama yao, aliyeketi kuamua. Kuna aliyepata mahali, kuna aliyetengeneza njia, kuna aliyedanganya mpaka baba yake akasahau kuogopa. Mwondoeni mmoja yeyote, na mzee yule bado yuko kivulini. Je, kauli ya mwisho mngempa nani?