Printa Iliyotaka Kusalimiwa

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme, ni zamani za juzi tu, palikuwa na shirika la mbegu mjini Singida, na ndani yake chumba cha Tehama kilichosemwa vibaya kuliko vyote. Ukiwapelekea tatizo, jibu ni lile lile. Kompyuta imeganda? Zima, washa. Printa imegoma? Zima, washa. Mkurugenzi akachoka. Akawaambia, "Malalamiko yasipokoma kufikia Mei Mosi, chumba nakifunga, na nyote watatu mnakwenda ghalani kupanga magunia."

Tumsifu, mtu wa mizaha, akasema, "Kama ni kwenda, twende tunacheka." Akaandika tangazo: "Printa hii sasa inasikia. Isalimie kwanza, kisha sema unachotaka." Mwanaidi, mtunza muhuri, akalisoma, akacheka, akaligonga muhuri. Nanyi mnazijua ofisi zetu: karatasi yenye muhuri haiulizwi. Songoro, fundi, akajibanza na kompyuta yake nyuma ya ubao karibu na printa, karanga mkononi, apate kuwacheka vizuri watakaoisalimia.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwasiti wa masijala, mama wa makamo anayekaribia kustaafu. Akasoma tangazo, akatazama huku na huku, akainama. "Hujambo, mwanangu? Naomba ile barua yangu ya likizo."

Songoro akaziba mdomo asicheke. Lakini alipotazama kwenye kompyuta yake, akaona barua ile imetumwa mara kumi na mbili, na ndiyo iliyoziba njia kwa wote. Aibu ikamshika. Akafuta kumi na moja, akaachia moja, printa ikaitoa.

"Ahsante, mwanangu," akasema Bi Mwasiti.

Kufikia mchana ofisi nzima inasalimia. Walibishana tu kama printa ni ya kuambiwa shikamoo au mambo vipi. Hakuna aliyeipiga teke tena, hakuna aliyetuma barua mara kumi. Songoro akawasikiliza wote, siku baada ya siku, na printa haikukwama.

Siku moja akaja Mkurugenzi. Akasoma tangazo, akaona muhuri, akasimama kimya. Mkubwa haanzi kuamkia. Alikuwa anangoja printa imwamkie yeye. Dakika ikapita. Watu wakaacha kazi wakawa wanatazama. Nyuma ya ubao Songoro akakaza moyo: "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," akajibu Mkurugenzi. Akachukua karatasi yake, akapiga hatua tatu, akageuka, akachungulia nyuma ya ubao. Jamani, alicheka mtu yule hadi akavua miwani!

Mei Mosi ikafika. Kwenye sherehe ya wafanyakazi Mkurugenzi akapanda jukwaani, akatangaza: malalamiko yamekoma, chumba hakifungwi, na friji la zawadi ya mfanyakazi bora linakwenda Tehama. "Ila friji ni moja. Semeni wenyewe ni la nani."

"Langu," akasema Tumsifu. "Bila tangazo langu, saa hizi tungekuwa ghalani."

"Tangazo gani?" akadakia Mwanaidi. "Bila muhuri wangu nani angekusikiliza? Hata mkeo hakuamini ukisema mvua inanyesha. Na mambo yangeharibika, ningeitwa mimi."

"Nyie mlicheka mkaenda kunywa chai," akasema Songoro. "Nimekaa nyuma ya ubao wiki sita, mgongo umekufa ganzi. Kazi aliifanya nani?"

Hapo Bi Mwasiti akasimama. "Ngojeni kwanza. Mimi nilijua tangu siku ile. Printa gani inanuka karanga? Nikanyamaza, nikasalimia, nikawahimiza na wenzangu wasalimie. Miaka kumi na moja napiga hodi Tehama, na siku ile ndiyo mara ya kwanza mtu wa Tehama kunisikiliza."

Friji likabaki pale jukwaani na utepe wake mwekundu, na Mkurugenzi akatugeukia sisi tuliokuja kula pilau.

Haya, nami nawageukia ninyi: nani alistahili kwenda nalo nyumbani?