Meno ya Mpiga Tarumbeta

Mtu mmoja, fundi cherehani wa huko vilima vya Rungwe, alikuwa na wana wawili na tarumbeta moja. Tarumbeta alipewa ujanani na usharika wake, na kwa miaka arobaini akaipiga, sauti ya kwanza, kila Jumapili. Kifua kilipochoka aliwaita wanawe. Akasema kwamba mkubwa, Asajile, ndiye atakayeichukua, na siku akizikwa yeye baba yao, Asajile huyo huyo atampigia wimbo wa mwisho kaburini. Mdogo, Ipyana, atashika sauti ya pili kwa tarumbeta ya usharika. Hakuna aliyebisha. Asajile alilia kwa furaha, na tangu siku ile hakuwa na ahadi nyingine aliyoibeba moyoni kama hiyo.

Sasa, tarumbeta haipigwi kwa mapafu peke yake. Chuma kinakaa kwenye midomo, na midomo inaegemea meno ya mbele. Meno yakilegea, pumzi inatoroka pembeni na wimbo unafia hapo hapo.

Asajile alilijua hilo, wala msidhani alikuwa mvivu. Kila asubuhi alisimama uani mbele ya kioo kilichotundikwa msumarini, akayasugua meno ya mbele kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeng'arisha sufuria, povu mpaka kidevuni. Fizi zikitoka damu alifurahi. Alisema huo ni uchafu unatoka. Kisha alisukutua vikombe vitatu vya maji na kuingia kazini anameta. Akicheka kanisani, kina mama wa kwaya walimsifu: "Tazama meno ya mtu huyo, kama ya tangazo la dukani." Naye akikaa kwenye cherehani, alikata uzi kwa meno hayo hayo tangu asubuhi hadi jioni, mkasi ukiwa pale pale karibu na goti lake. Mafundi wengi wana tabia hiyo. Mkono una haraka, na mdomo uko karibu.

Ipyana meno yake hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Lakini zamani, muuguzi mmoja wa zahanati alikuja kwenye semina ya vijana, akaongea habari za meno kwa nusu saa. Ndugu hawa wawili walikaa benchi moja. Asajile alicheka sana siku ile, na chakula kilipoletwa akawa ameshasahau. Ipyana alikwenda nyumbani, akafanya.

Alishika mswaki kwa vidole vitatu, kama mtu anavyoshika kalamu, akapita polepole upande wa ndani ambao kioo hakiuonyeshi, akaenda mpaka kwenye magego ya mwisho, akamalizia na ulimi. Akishatema povu hakusukutua. Aliiacha dawa ibaki kwenye meno ifanye kazi yake. Akila pesheni au limau hakukimbilia mswaki. Alisukutua kwa maji matupu, akangoja kama nusu saa ukali ule uishe, kwa sababu muuguzi alisema kwamba jino likitoka kwenye ukali huwa limelainika kidogo, na ukilisugua wakati huo unalikwangua mwenyewe. Chai ya sukari aliifuatishia funda la maji. Na kila jioni alipitisha uzi mwembamba wa meno katikati ya jino na jino, mahali ambapo mswaki hauingii. Hakumhubiria mtu. Hata mkewe alidhani mumewe ni mtu wa taratibu tu.

"Mdogo wangu, wewe unayabembeleza meno kama unalaza mtoto," Asajile alimwambia asubuhi moja, povu likimruka. "Sugua, bwana! Shetani habembelezwi!"

"Kaka, mimi nguvu zako sina," Ipyana akajibu. "Niache nilaze mtoto wangu. Ila mkasi upo, kaka. Ule uzi usiwe unaukata kwa jino."

"Meno haya? Haya yanafungua hata soda!"

Wakacheka wote wawili. Lakini Asajile alipogeuka kusukutua, maji ya baridi yalimchoma mpaka utosini, akafumba macho ili mdogo wake asione. Alikuwa ameshaanza kujua. Fizi zilikuwa zinarudi nyuma. Jino moja la mbele lilikuwa na pengo dogo lililochimbwa na uzi wa cherehani, na jino la jirani lilicheza ukiligusa kwa ulimi. Hakumwambia mtu. Alizidisha kusugua. Maana kila aliyekutana naye bado alimsifu, na ni vigumu mtu kuungama kuhusu kitu anachosifiwa.

Miaka ikaenda, baba yao akafariki.

Siku ya mazishi kulikuwa na manyunyu. Jeneza likawekwa kando ya kaburi, mchungaji akanyamaza, watu wote wakamgeukia Asajile. Akainua tarumbeta ya baba yake. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukapasuka. Lile jino lililegea kabisa chini ya chuma, maumivu yakampanda, damu ikaingia mdomoni, na kilichosikika ni upepo mtupu. Akajaribu tena. Upepo. Watu wakaangalia chini.

Angeweza kusingizia mvua. Angeweza kusema ni huzuni, na kila mtu angemwamini. Alitazama jeneza, akafuta midomo kwa kiganja, akasema kwa sauti ambayo hata waliosimama nyuma kabisa waliisikia:

"Ipyana, pokea. Mimi nilitunza yanayoonekana tu."

Ipyana aliipokea. Akaipitisha chini ya koti lake, akaifuta damu ya kaka yake humo, pasipoonekana na watu. Hakusogea mbele. Alisimama nyuma ya bega la kaka yake, akamwacha Asajile pale pale kwenye nafasi ya mzaliwa wa kwanza, na kutokea hapo akaupiga wimbo wote, beti zote nne, sauti safi isiyotetereka, mpaka udongo wa mwisho ulipotupwa. Waliokuwa upande wa pili wa kaburi walimwona Asajile peke yake, analia, na wimbo wa baba yake unatoka kama vile kifuani mwake.

Jino lile halikupona. Mengine yalipona, kwa sababu wiki ile ile mkubwa alikwenda kwa mdogo wake na mswaki mkononi, akamwomba amfundishe upya kuushika.

Basi wewe uliyesikia: siku Bwana atakapokupa ile kazi uliyoingoja maisha yako yote, je, kile ndani yako ambacho hakuna mtu amewahi kukisifia kitakuwa na nguvu ya kukubeba?