Bi Ngiri na Wenye Ukindu wa Mwaka

“Paukwa!”

“Pakawa!”

“Nyie mmekula kweli? Paukwa!”

“PAKAWA!”

Haya. Nyale, sogea, mpishe mwenzako. Hapo kale, wanyama walipokuwa na adabu kuwashinda nyinyi, palikuwa na Bi Ngiri na watoto wake wanne. Aliishi nao ndani ya uwanja wake wa michezo: bembea kubwa na mtelezo wa tope. Wageni wa mbali walilipa kibaba cha mtama kila walipokuja. Majirani walilipa pishi moja wakati wa mavuno, wakafungwa ukindu shingoni kuwa alama, wakaingia mwaka mzima.

Ila nyika ilikuwa na sheria yake. Uwanja usiokanyagwa na mchezaji siku saba, hadi jua la saba lichwe, ni gofu, na gofu ni la atakayetandika mkeka kwanza. Watoto wa mwenyewe hawahesabiwi.

Basi akaja Bweha na maneno matamu. “Dada yangu, majirani wanakula jasho lako! Pishi ni vibaba vinne tu. Pimbi kaingia mara ngapi? Hujasikia, mgeni njoo mwenyeji apone? Kata ukindu, mgeni apate nafasi!”

Bi Ngiri akamfuata Pimbi kwenye bembea. Kacha! Akaukata.

“Mwaka wangu haujaisha,” Pimbi akasema.

“Toka!”

Pimbi akatoka na wanawe saba, waliokuwa wakinunua mihogo ya kuchoma ya Bi Ngiri kila siku.

Kesho yake Bweha akarudi. “Kata ukindu, mgeni apate nafasi!” Kacha! Akatoka Kanga, ambaye kila akipata mgeni kwake alimleta uwanjani kulipa kibaba.

“Mjinga huyo Bi Ngiri!”

Ngoja, Kadzo, hujaona bado. Siku ya tatu: “Kata ukindu, mgeni apate nafasi!” Kacha! Akatoka Tumbili, ambaye kelele zake ziliwafanya wapita njia wageuke kuuliza kuna nini huko.

Uwanja ukawa kimya. Wageni wakafika langoni, wakachungulia. “Mbona hapana mtu? Au pana ugonjwa?” Wakarudi walikotoka.

Kisha masika yakaingia, njia zikajaa maji. Siku ya kwanza, hakuna mtu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, ya nne, ya tano, hakuna! Siku ya sita Bweha akaketi nje ya lango, mkeka kwapani.

“Wafanya nini hapo, ndugu yangu?”

“Nangoja.”

Bi Ngiri akaelewa. Watoto wanne, mvua yote ile, atawalaza wapi?

Siku ya saba, alasiri, akavuka matope hadi kwa Pimbi. “Hodi!” Akabisha tena. “Hodi, jirani! Nimekosa mimi!” Mlango haukufunguka. “Bweha ana mkeka langoni. Watoto wangu…” Akalia.

Pimbi akafungua. “Ulinitoa mbele ya wanangu.”

“Naam.”

“Kama mwizi!”

“Naam. Nisamehe, mwenzangu.”

Pimbi akatazama mwanga unavyofifia. “Tuna miezi yetu tuliyolipia mle ndani. Watoto! Mwiteni Kanga, mwiteni Tumbili!”

Wakakimbia. Mvua ikawapiga, tope likawashika miguu, giza likakaribia.

“Watafika?”

Msinisukume! Jua lilikuwa linachwa, Bweha keshaingia, keshakunjua nusu ya mkeka, ndipo pimbi mdogo kuliko wote akampita chini ya tumbo, akarukia bembea.

“Huyo hahesabiki!” Bweha akabweka. “Leo hajalipa hata punje! Ana faida gani huyo?”

Bi Ngiri akaupiga mkeka teke, ukaangukia topeni. “Faida yake, amekuja na mvua inanyesha.”

Basi wanangu, jirani wa kila siku msimpime kwa kibaba cha mlangoni. Ngano yangu imekomea hapo. Atakayeuliza Bweha alilala wapi, akamtafute mwenyewe.