Karanga za Mama Kiboko Kiwanjani Kichuguuni

Wanangu, apeni kwanza: haya hayavuki kizingiti! Mmeapa? Vizuri. Na mimi niliapa hivyohivyo, nikavumilia mpaka hapo jikoni tu. Ulimi hauna mfupa, sikieni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana kama sisi, Panya Buku alianzisha shirika la ndege. Naam, yule mwenye mashavu kama mifuko! Makorongo arobaini, kamba, matenga makubwa, basi. Puruuu! Mpaka mawinguni, na Kiboko mzima ndani! Msiniulize walimwinuaje; makorongo wa zamani si hawa wenu.

"Lo!" abiria walichungulia chini. "Mto umekuwa uzi! Ziwa limekuwa kisahani! Na ile nukta ni Tembo?"

Simba mwenyewe alikumbatia mkia wake.

Maajabu hayo yaliwapumbaza. Utoke utokako, uende uendako, lazima utue Kichuguuni, nyumbani kwa Buku. Mizigo ishushwe, ikaguliwe, ipandishwe ndege nyingine.

Mama Kiboko alikuwa na binti aliyejifungua ng'ambo ya mto. Ng'ambo tu! Ukikohoa huku, kule wanakwambia pole. Lakini naye aliruka mpaka Kichuguuni, kisha akarushwa hadi ng'ambo. Kapu lake la karanga za uji wa mzazi likafika tupu.

Mama mkwe wa binti akabetua midomo. "Mkono mtupu haulambwi, dada. Mjukuu wa kwanza, bibi kaja na kapu la upepo! Ukija tena hivi, mchukue mwanao urudi naye."

Safari ya pili, kapu lilijaa pomoni. Huko Kichuguuni abiria wote wameketi, mara Buku huyo, anatoka chumba cha mizigo, mashavu kama maboga.

"Meneja, umevimba?" Mama Kiboko akauliza.

"Mm-mm." Buku akaonyesha jino, eti linamuuma.

Sasa, msimwambie mtu: Buku alikuwa na kiu ya heshima. Tangu azaliwe, wakubwa humwita "we kijipanya". Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamkia. Na Mama Kiboko alilijua hilo.

Akapiga magoti, gdi! Ardhi ikatikisika.

"Shikamoo, Meneja!"

Makorongo wakasahau kukunja mabawa.

"Hee!" Tembo akanong'ona. "Bibi mzima anamwamkia panya?"

Sharubu za Buku zikatetemeka. Ajizuie? Heshima kama hiyo itarudi lini?

"Marahaba!"

Pwaraaa! Karanga zikamwagika mbele ya kadamnasi, na mbegu za maboga za Tembo, na njugu mawe za Nyani, zikabiringika mpaka miguuni pa Simba.

"Zangu hizo!"

"Na hizo zangu, mwizi we!"

"Lete kapu," akasema Mama Kiboko, "mzazi ananingoja."

Buku akabaki mdomo wazi, punje moja imenasa kwenye jino.

Wanangu, anayekuzungusha njia, mtazame kwanza mashavu.