Kocha Asiyepoteza Mchezaji

Sogeeni, ninyi mnaopenda mpira kuliko uji wa asubuhi, niwape habari za Bondeni, mwaka ule mvua iliposahau njia ya kurudi nyumbani.

Mto ulikauka mpaka viboko wakahama kwa miguu. Kikabaki kisima kimoja tu, katikati ya Chuo cha Bondeni na Chuo cha Ng'ambo, na sheria yake ilikuwa ya tangu mababu: kila kiangazi vyuo hivyo vicheze mpira, wanaoshinda wanywe kwanza mpaka mvua inyeshe, wanaofungwa wanywe kinachobaki. Bondeni walikuwa wamekunywa tope misimu mingi mfululizo, na sasa hata hilo tope lilikuwa la kugombania.

Mkuu wa chuo alikuwa Simba, na Simba hakuwa mtu wa kukosea. Timu ikishinda ni uongozi wake, ikifungwa ni kocha. Basi akamtimua kocha Nyumbu, akatangaza kwamba anatafutwa mwingine. Pale chuoni ilikuwa marufuku mtu kumla mwenzake. Simba mwenyewe nyama yake aliifuata mbali, maana ukiwala wanaokupigia makofi, nani atakupigia?

Wakajitokeza wawili kuomba kazi. Wa kwanza alikuwa Mama Kanga, aliyefundisha mpira vichuguuni miaka yote, mwenye kelele nyingi na mavumbi mengi. Wa pili alikuwa Fisi, mgeni kutoka Korongoni, aliyekuja na filimbi shingoni na tabasamu lisilofungika.

Bonde zima likagawanyika. Nyani, ambaye hakuwahi kugusa mpira lakini aliujua wote, alikaa kwenye tawi akichambua kuanzia asubuhi.

"Kocha ni usajili," alisema Nyani. "Mengine mapambo. Mtazameni Kanga: kila anayemleta anaondoka. Mtazameni Fisi: anasema tangu aanze kazi hajapoteza mchezaji hata mmoja. Hata mmoja, jamani!"

"Lakini hao wachezaji mbona hatuwaoni?" akauliza mtu huko chini.

"Wako kambini," akajibu Nyani, kana kwamba kambi hiyo ameijenga yeye.

Sasa, kulikuwa na Sungura. Huyu alikuwa winga, mwenye mguu wa kushoto uliojaa akili na mwili mzima uliojaa uvivu. Mechi aliipenda; mazoezi aliyaona ni adhabu. Kwa hiyo Fisi alipopewa siku moja ya majaribio, aonyeshe anavyochagua wachezaji, Sungura akapanga ujanja wake wa kawaida. Wenzake walipokimbia kuzunguka uwanja, yeye alitembea nyuma akitafuna majani, akijua kwamba atakayekuwa wa mwisho ataachwa, naye atapata siku nzima ya kulala kivulini.

Fisi hakuwatazama hata kidogo waliotangulia. Alimpita Swala aliyefika wa kwanza kama anayepita jiwe. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Sungura, akachuchumaa, akamshika paja.

"Umechoka, mwanangu?"

"Sana, Kocha. Mimi mbio siziwezi kabisa."

"Huziwezi kabisa! Vizuri sana." Fisi akabonyeza paja la pili, akanusa nyuma ya sikio. "Huyu ndiye namba kumi wangu. Simba akinithibitisha kesho, huyu anaingia kambini kwangu jioni hiyo hiyo. Ila sikiliza, mwanangu, majani machungu acha kuanzia leo. Kula viazi vitamu."

Sungura alishangaa kidogo, kisha akavimba kichwa. Namba kumi si mchezo. Akapita kila njia akijitapa, akasimulia alivyobonyezwa paja na viazi alivyoagizwa, akasema kumbe yupo kocha anayejua kipaji hata kikiwa kimelala. Mwisho akafika kwa Mama Kanga, aliyekuwa akichakura chini ya kichaka, amsimange kidogo.

"Shangazi, umesikia? Nimesajiliwa."

"Nimesikia. Ulifika wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Mama Kanga akaacha kuchakura. "Kocha gani anachagua wa mwisho?"

"Anasema wa mwisho ndiye mwenye njaa ya kujifunza."

"Na viazi vitamu je?"

"Ni vya kunipa nguvu."

"Sungura," akasema Mama Kanga, "mimi wachezaji wangu nimewafokea, nimewanyima kulala, nimewadonoa visigino. Sijawahi hata siku moja kumbonyeza mtu paja nikamwuliza anakula nini. Hapo mwenye njaa ni nani?"

Masikio ya Sungura yakaanguka yote mawili. Moyo wake ukaenda mbio kuliko alivyokwenda yeye siku nzima. Alikumbuka ile pua nyuma ya sikio, akaona aibu, kisha akaona hofu, na hofu ikawa kubwa kuliko aibu.

"Basi nitakataa kwenda kambini," akasema.

"Simba ametangaza, mchezaji atakayekataa kambi hatagusa kisima."

Hapo Sungura akalia, kilio cha kweli, bila ujanja wowote ndani yake. Akikataa, kiu. Akikubali, tumbo la Fisi. Na yote ameyataka mwenyewe kwa uvivu wake.

Mama Kanga akamwachia alie. Kisha akasema, "Ukimaliza, fikiri. Kukimbia umekataa, basi angalau hicho kichwa kifanye kazi."

Sungura akafikiri, na jua lilipoanza kushuka akaenda kwa Fisi, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi mwema.

"Shikamoo, Kocha. Nimekuletea siri. Simba hapendi kocha mwenye kitambi. Nyumbu alifukuzwa kwa tumbo lake zaidi kuliko kwa mabao."

Fisi akajitazama. "Sasa nifanyeje?"

"Usile kitu mpaka mkutano uishe kesho."

"Hata mfupa?"

"Hata mfupa, Kocha."

Fisi akamtazama Sungura mapajani, akameza mate. Akajiambia kwamba mlo mmoja ni wa siku moja, lakini ukocha ni chuo kizima. "Haya," akasema, "nitavumilia."

Alivumilia kweli, usiku kucha, akigumia pangoni, na asubuhi alifika mkutanoni macho yamemtoka. Simba hakuharakisha mambo. Alianza na hotuba ya kujisifu, na hotuba hiyo ikaendelea mpaka jua la utosi. Ndipo akawaita waombaji wawili mbele.

"Nataka jambo moja tu," akasema Simba. "Mmesajili akina nani, na wako wapi leo? Mama Kanga, anza."

"Mkuu, nimesajili wengi, na wengi wameondoka, siwezi kudanganya," akasema Mama Kanga. "Nguchiro alihamia Ng'ambo, alifuata mke. Kima aliacha mpira akaingia siasa. Ngiri tuligombana, mpaka leo akiniona ananitukana."

Umati ukaguna. Kutoka nyuma kabisa sauti ya Ngiri ikasikika: "Na nitaendelea!" Watu wakacheka.

"Aibu," akasema Nyani juu ya tawi. "Huo si usajili, hiyo ni njia panda."

"Fisi," akasema Simba.

Fisi akapiga kifua. "Mkuu, mimi niliowachukua wote ninao. Hakuna aliyehama, hakuna aliyenitukana, hakuna hata aliyeomba ruhusa kwenda kumwona mama yake. Nimewabeba ndani yangu."

Yakapigwa makofi, Simba akiwa wa kwanza, mpaka vumbi likapanda. Simba alipenda sana neno hilo la kutoachwa. Akanyoosha ukucha kutaka kumwidhinisha Fisi, na Sungura akaona jioni yake inakuja. Akaruka mbele.

"Mkuu, naomba nimsifu kocha wangu!"

"Msifu upesi."

"Wapo wanafiki wanaosema wachezaji wake hawajulikani. Mimi naumia. Kocha, waeleze mmoja mmoja, uwazibe midomo. Yule Swala wa Korongoni alikuwaje?"

Fisi akatabasamu. "Swala? Mwepesi. Miguu mirefu."

"Na mapaja?"

"Aa, mapaja!" Fisi akameza mate. "Mapaja ya Swala yule yalijaa."

"Mnasikia?" Sungura akawageukia watu. "Yalijaa! Na Mbuzimawe, beki wa kati?"

"Mgumu," akasema Fisi. "Mgumu mno. Unahangaika naye mpaka taya... mpaka akili inachoka. Lakini ukimpata mbavuni, hapo ni raha."

"Na Paa, Kocha? Nasikia alikuwa laini."

"Laini!" Macho ya Fisi yakaanza kujifumba yenyewe. "Paa alikuwa laini kila mahali."

"Mchezaji mtamu, basi."

"Mtamu sana."

Watu wakapiga makofi tena, kwani nani hajawahi kumwita mchezaji wake mtamu? Mate yalikuwa yakimdondoka Fisi hadi kwenye filimbi. Njaa ya tangu jana ilikuwa imemshika shingo, na picha zile za kambini zilimpitia moja moja akilini, kila moja na harufu yake. Sungura akamsogelea, akasema polepole kama anayembembeleza mtoto alale.

"Sasa tuseme ukweli, Kocha, kati ya Swala na Paa, nani zaidi?"

"Si rahisi kusema," akajibu Fisi, macho ameyafumba kabisa. "Swala ana mafuta. Paa ni mtamu, simkatai. Ila Paa yule, mwanangu, anataka chumvi kidogo."

Makofi yakakatika.

"Chumvi?" akauliza Simba.

Fisi akafumbua macho. Akaona uwanja mzima unamtazama, na filimbi yake imelowa chepechepe. "Chumvi ya... ya mazoezi, Mkuu. Jasho. Jasho lina chumvi."

"Waite hapa," akasema Simba. "Wote uliowabeba. Waite waje."

Mama Kanga hakungoja zamu. Alipanda juu ya kichuguu, akapiga ule ukelele wake unaokera, na kutoka kila upande wakaja: Nguchiro na mkewe kutoka Ng'ambo, Kima na siasa zake, vijana wa vichuguuni wa miaka na miaka. Hata Ngiri alikuja mbele, akamtukana kwanza, halafu akasimama karibu naye.

Kisha wote wakamgeukia Fisi. Fisi akapuliza filimbi. Ilitoa povu. Akapuliza tena. Hakuna jani lililotikisika, hakuna kwato. Lakini katika kimya kile tumbo lake tupu likanguruma kwa kirefu, na Nyani, ambaye hakuweza kunyamaza hata siku kama hiyo, akasema, "Mkuu, nadhani ndio wanaitika."

Walioanza kucheka walimcheka Fisi, waliomalizia walimcheka Simba, maana makofi ya kwanza yalikuwa yake. Hilo ndilo lililomchoma. Kuhusu walioliwa pengine angeunda kamati, lakini kuchekwa hakukuvumilia. Aliunguruma na kuruka, na Fisi akatimua mbio, chuo kizima nyuma yake. Siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba mbio ni nyingi, na aliyeongoza msafara alikuwa Sungura.

Mama Kanga akapewa kazi jioni ile. Nguchiro na Ngiri walibaki kumsaidia, na mechi ilipochezwa Bondeni wakashinda kwa bao baya, lililogonga goti la Sungura na kuingia bila heshima. Maji hayana habari na uzuri wa bao. Walikunywa kwanza, wakanywa mpaka wakalala pale pale kisimani.

Fisi, kiu ikiwa imemkausha ulimi, alizunguka vilima akaenda Ng'ambo kuomba kazi. Walikuwa wamefungwa, walihitaji kocha, na Fisi alikuwa amejifunza. Alijiapiza kwamba neno mafuta, neno laini na neno mtamu hayatatoka kinywani mwake tena. Akasimama mbele ya mkuu wao, Chui, akakohoa kidogo, akasema kwa adabu kwamba yeye ni kocha mzoefu.

"Karibu," akasema Chui. "Utapenda kuanza na nani?"

Fisi akawapitisha macho wachezaji waliojipanga pale, wakubwa kwa wadogo, na kwa kweli alijitahidi.

"Yule mnene," akasema.

Mdomo huponza kichwa.