Ruta Nyeupe na Likizo ya Mtu Mmoja

Sogeeni karibu. Wenye watoto muwalaze mapajani, na mwenye jibu alifiche mdomoni mpaka nimalize.

Wanawake watatu walifanya kazi katika zahanati moja kando ya reli. Wa kwanza, jina lake Sikudhani, alikuwa karani wa kadi, na kipaji chake kilikuwa jicho: aliona jambo dogo ambalo wengine walilipita. Perpetua alikuwa nesi, na kipaji chake kilikuwa ulimi: akianza kusema, hakuna mkubwa aliyemkatisha. Mwanaidi alikuwa msafishaji, na kipaji chake kilikuwa mikono: hakutupa kitu ovyo, na alichokishika kilirudi kufanya kazi.

Jambo moja walikuwa nalo wote. Walikuwa wamechoka. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha bila yeyote kwenda likizo, maana hapakuwa na mtu wa kumshikia nafasi.

Kadi za akina mama na watoto zilitunzwa ndani ya kompyuta moja waliyoiita Kabati. Kompyuta ya mapokezi na ile ya chumba cha sindano zikiita jina hilo, Kabati inaitika. Kisha kampuni ya intaneti ikaleta ruta mpya, nyeupe, badala ya nyeusi ya zamani. Ruta ni kile kisanduku chenye vitaa kinachounganisha kompyuta zote. Tangu siku hiyo, ukiita Kabati, kioo kinaandika: "Jina halijulikani." Intaneti ipo, Kabati iko palepale mezani inanguruma, lakini haipatikani.

Wakawa wanaandika kila kadi upya kwa mkono. Kliniki iliyokuwa ikiisha saa saba mchana sasa ilifika saa kumi na moja, watoto wamelia mpaka sauti zimekauka.

"Hii ni kompyuta au mume?" alisema Perpetua. "Naiita kutwa nzima, ipo, haiitiki."

Bi. Agripina, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, akawaita wote. "Wilaya inanipa nesi mmoja wa kushika nafasi kwa siku saba. Hachagui kazi, hata kufagia atafagia. Lakini hatarudi tena mwaka huu. Atakayetuondolea balaa hili, likizo hiyo ni yake."

Siku saba! Sikudhani alimfikiria mwanawe wa miezi minane, anayemwita jirani mama. Perpetua aliitazama miguu yake iliyovimba. Mwanaidi alimkumbuka mama yake kijijini, aliyeacha kuuliza atakuja lini.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Kila asubuhi watu waliichomoa ruta na kuichomeka tena, kama wanaompiga mgonjwa mgongoni ili kikohozi kimtoke. Sikudhani yeye aliona kwamba Kabati ina namba pia, na ukiandika namba badala ya jina, kadi zinafunguka. Akaiandika namba kwenye plasta ya kidonda, akaibandika pembeni mwa kioo. Kesho yake ruta ikachomolewa, ikagawa namba upya, na namba ya jana ikawa ya mashine ya kuchapa. Akabandika plasta nyingine. Siku ya tano kompyuta ilikuwa na plasta tano, kama mtu aliyeanguka kwenye mawe. Akazisoma zote pamoja na tarehe zake, akasema, "Jamani, Kabati haiumwi. Namba inafika, jina halifiki. Na mambo haya yalianza siku ilipokuja hii nyeupe." Wakati huo Bi. Agripina alikuwa ameshaandika barua ili Kabati ipelekwe mjini kwa fundi. Barua ikachanwa.

Perpetua akapiga simu kwa kampuni. Siku ya kwanza alisikiliza muziki. Siku ya pili aliambiwa azime na kuwasha.

"Dada yangu, nimezima na kuwasha mpaka swichi imekuwa laini. Niambie kingine, au nipe mkubwa wako."

Siku ya tatu, sikio likimuuma, akampata fundi msema kweli. "Mama, ruta hiyo haina daftari la majina ya kwenu. Kila jina inatuletea sisi huku, na sisi huyo Kabati wenu hatumjui."

"Basi ifundisheni."

"Imefungwa, hata mimi sina ruhusa. Na mkiiondoa, intaneti inakatika. Lakini mkiwa na ruta yenu, iwekeni nyuma ya hii, na kompyuta zote mziunganishe kwenye yenu. Yenu itashika majina, yetu italeta intaneti."

Ruta nyingine ingesubiri kibali cha wilaya, miezi mitatu.

Mwanaidi alisikia hayo akiwa na dekio mkononi. Akaenda stoo, akarudi na ile nyeusi. "Niliambiwa niichome na takataka. Kitu kinawaka taa, nakichomaje?" Panya walikuwa wameutafuna waya wake, akauunga. Kisha akapiga magoti chini ya meza, akahamisha nyaya moja baada ya nyingine.

Sikudhani akaita Kabati. Kabati ikaitika.

Hakuna aliyeshangilia. Sikudhani aliinamisha kichwa mezani kidogo, kisha akaita, "Anayefuata!"

Foleni ilipoisha, maneno yakaanza.

"Ugonjwa niliujua mimi," alisema Sikudhani. "Nyinyi mlikuwa mnamtibu asiyeumwa."

"Kujua ugonjwa si dawa, mwenzangu," alijibu Perpetua. "Wewe ulikuwa na plasta tu. Dawa nimeitoa mimi kwenye simu."

"Dawa ya maneno," alisema Mwanaidi. "Maneno hayachomekwi ukutani."

"Na bila sisi, bibie, ungeikalia ruta yako stoo mpaka mwakani!"

Bi. Agripina aliomba siku zigawanywe. Wilaya ikajibu: mtu mmoja, nafasi moja, jina moja. Sasa amekaa na fomu mbele yake. Mwenye jicho, mwenye ulimi na mwenye mikono wamesimama mlangoni, wameegemea ukuta, hata kubishana wamechoka.

Haya, ninyi mliosikiliza. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemwambia nani akapumzike? Na wale wawili watakaokuja kazini kesho, ungewatazama ukawaambia nini?